Nimepokea, Sina Dai

4 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu kwanza, maana salamu haina kosa. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua, lakini la kulia ndilo linalokanyaga cherehani, kwa hiyo kazi inaendelea. Natumaini nawe u mzima huko kwenye ghala lako la vigae, na mgongo umeanza kuzoea mizigo.

Sasa tuingie ndani. Juzi Jumatatu asubuhi nilikuwa naweka mikono kwenye gauni la mwalimu mkuu, wakaingia wanaume wawili. Mmoja mrefu, alibaki mlangoni. Mwingine mfupi, mnene, faili kwapani. Nilijua si wateja, maana hawakutazama vitambaa, walitazama kabati. Yule mfupi akasema yeye ni dalali wa mahakama, amekuja kukamata mali za mwanangu kwa deni la kampuni ya mikopo. Nikamwambia mwanangu hana mali humu, labda ile picha yake ya shule ukutani, na hiyo haiuzwi. Hakucheka. Akasema wewe uliandika nyumba hii kuwa ndiyo makazi yako, basi vilivyomo ni vyako mpaka ithibitike vinginevyo.

Akaanza kuandika orodha. Alipotaka kuvitia vitu namba hakuwa na cha kuandikia, akaniomba chaki yangu ya kukatia nguo. Na mimi nikampa! Kwa mkono wangu huu! Nilikuwa nimepigwa na butwaa. Namba moja akaiandika kwenye cherehani, mbili kwenye kabati, tatu kwenye kioo cha wateja, nne kwenye meza ya kukatia. Chaki akairudisha na kusema asante. Akaniambia nikitaka kupinga nipinge mahakamani, la sivyo atarudi na gari.

Walipotoka niliwaandika daftarini, kama ninavyomwandika kila anayevuka kizingiti changu: tarehe, saa, na kipimo cha jicho. Yule mfupi kiuno chake ni arobaini na nne, suruali aliyovaa ni ya arobaini. Siku moja itamwaibisha.

Nataka unijibu mambo matatu bila kuzunguka. Ulikopa kiasi gani? Umelipa kiasi gani? Na kwa nini nimeyasikia haya kwa mtu mwenye faili? Mchuma janga hula na wa kwao, najua. Lakini angalau ningeambiwa chakula kiko njiani.

Cherehani wasiipate. Hiyo ndiyo iliyokusomesha na ndiyo inayonilisha leo. Vingine tutabishana, hiyo hapana.

Mama yako


15 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima wa mwili, moyo ndio umelazwa. Pole na goti. Pole na wageni.

Unijibu bila kuzunguka, umesema. Nilikopa laki sita. Nikanunua viti vitatu vya kinyozi, vioo viwili na mashine za kunyolea. Nililipa laki mbili na nusu, kwa jasho, hilo niamini. Kisha mwenye nyumba akapandisha kodi, na kinyozi mwingine akafungua mlango wa tatu kutoka kwangu, yeye ananyoa kwa bei ya nusu na ana televisheni. Miezi minane tu nikafunga. Kukopa harusi, kulipa matanga. Viti niliviuza nikapata nauli ya kuja huku. Na riba, wanasema sasa wanadai laki nne.

Nilikuambia nimepata kazi nzuri. Kazi nimeipata, nzuri niliiongeza mwenyewe. Nabeba maboksi ya vigae toka saa moja asubuhi, na tunalala watu wanne kwenye chumba kimoja. Mmoja wetu anakoroma hadi dirisha linatetemeka. Sikutaka ujue. Mtoto wa kiume anaondoka nyumbani akiahidi kukujengea, halafu akuandikie kwamba madalali wako njiani? Nilianza barua hiyo mara nne nikaichana.

Mama, nakuomba. Wale si watu wa kubishana nao. Wape kabati, wape kioo, watatulia kwa muda. Ya cherehani tutaona. Nitakusanya pesa. Dawa ya deni ni kulipa, siyo kugombana.

Mwanao


23 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti limetulia. Huo moyo uliolazwa utaruhusiwa kwenda nyumbani siku utakaposema kweli yote.

Umeniletea methali. Dawa ya deni ni kulipa; naijua tangu hujaota meno. Lakini anayelipa ni aliyekopa, na anayelipwa ni aliyekopesha, na kinacholipwa ni kile kilichokopwa. Kabati nililinunua nikiwa na mimba yako. Kioo alinipa fundi aliyenifundisha, siku alipoacha kazi. Siwapi hata kifungo kimoja. Na hilo neno lako, "ya cherehani tutaona", sikulipenda. Tutaona nini?

Sikiliza vituko. Jumatatu ya tarehe tisa Dalali alirudi peke yake, ameleta barua ya kunipa muda. Akasema anataka kuhakikisha namba ya cherehani, ile iliyochongwa chini ya kichwa chake. Nikakiinua kichwa, nikamwambia inama usome. Akainama. Mwanangu, si nilikuambia kile kiuno? Suruali ilipasuka kutoka kwenye mkanda hadi kusikotajwa. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alisikia mlio akasimama. Dalali wa watu akatoka kinyumenyume, faili ameliweka nyuma kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nilijizuia hadi alipokata kona, kisha nilicheka mpaka nikatafuta kiti.

Kumbe haijaisha. Jumatatu iliyofuata alikuja na suruali hiyo hiyo imefungwa kwenye gazeti. Mafundi wote wa mtaa huu wamewahi kuandikwa kwenye orodha zake au wana ndugu walioandikwa, hakuna anayetaka kumshonea. Mimi nikaipokea. Kazi ni kazi, na suruali haijanikosea. Nikaiongeza kitambaa kiunoni, inchi mbili kila upande. Ijumaa ya tarehe ishirini akaja kuichukua, akaivaa nyuma ya pazia, akajitazama kwenye kioo namba tatu, akaridhika. Akalipa na kutia sahihi stakabadhi kama mteja yeyote. Unaijua stakabadhi yangu: mteja anaandika "Nimepokea nguo yangu, sina dai", nami naandika "Nimepokea malipo yangu, sina dai", tarehe juu, kila mtu na kipande chake. Tangu yule mama aliyenisingizia kwamba nimempunguzia gauni, haitoki nguo hapa bila karatasi.

Ila kuna kitu kinanikera. Ile siku aliyoinama, namba ya cherehani alikuwa nayo tayari kwenye faili, niliiona imeandikwa. Alikuwa analinganisha tu. Mimi mwenyewe siijui namba hiyo kwa kichwa. Nani alimpa?

Mama yako


5 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima, kazi nyingi, nitakuwa mfupi.

Ninakutumia elfu hamsini kwa mkono wa dereva wa basi. Mpe Dalali apunguze makali. Nyingine mwezi ujao.

Mama, usiende mahakamani. Nakuomba kwa yote uliyonifanyia. Mahakama ni ngazi nyingi na maneno magumu, utachoka bure, na watakuuliza mambo. Niachie mimi.

Hiyo habari ya suruali nimewasomea wenzangu hapa chumbani. Anayekoroma alicheka hadi akalia. Nimeikumbuka sana nyumba yetu.

Mwanao


20 Aprili

Barua hii haina salamu. Ukifika chini utajua kwa nini.

Wiki iliyopita Dalali aliniletea hesabu ya gharama zake, juu ya deni lenyewe. Ada ya ziara, mara tano, elfu kumi kila moja. Ada ya gari la kubebea mali, elfu thelathini. Ada ya mlinzi wa mali, elfu kumi na tano. Jumla elfu tisini na tano. Gari gani? Hapa hakijafika hata kigari cha maji. Mlinzi gani? Anayelala na kabati hilo ni mimi.

Nikafungua daftari. Tarehe mbili na tarehe tisa Machi, alikuja kweli. Tarehe kumi na sita na tarehe ishirini, ndizo siku alizoleta na kuchukua suruali yake! Amenilipa elfu moja na mia tano nimshonee, halafu ananitoza elfu ishirini kwa kuja kuivaa. Tarehe ishirini na saba ameandika "mlango umefungwa, wenyeji wamejificha". Siku hiyo mlango ulikuwa wazi kutwa nzima, wanawake sita wa harusi moja walikuja kuchukua magauni yao, na sahihi zao sita ninazo.

Nikavaa gauni langu la bluu nikapanda hizo ngazi ulizonitisha nazo. Ni kumi na moja tu, nilizihesabu. Elfu hamsini zako sikumpa Dalali. Nilizipeleka kwenye dirisha la kampuni yenyewe, nikachukua stakabadhi kwa jina lako. Kisha nikaenda kwa karani, mwanamke wa makamo mwenye miwani, nikamweleza napinga ada na napinga cherehani yangu kukamatwa. Akanisikiliza vizuri. Akasema, "Mama, la ada una nguvu. La cherehani, huna." Akafungua faili akaligeuza upande wangu.

Fomu ya mkopo. Mali ya dhamana: cherehani moja, na namba yake yote ya kichwa, "mali yangu mwenyewe". Na chini yake sahihi yako, na ule mkia wa mwisho uliojifunza darasa la nne ukanionyesha kwa majivuno.

Nikaikumbuka siku yenyewe. Nilitoka kununua uzi, niliporudi mkanda wa cherehani ulikuwa umetoka kwenye gurudumu. Nikadhani umechakaa, nikanunua mpya. Kumbe mtu alikuwa ameinua kichwa cha cherehani ili asome chini yake. Na mtu huyo alikula chakula changu siku hiyo, akasifu mchuzi.

Nimeumia, sitaficha. Mbele ya Dalali sikudondosha chozi. Nimelia kwenye benchi la mahakama, watu wakinitazama, karani akaniletea maji.

Kesi ni tarehe tisa Juni, saa tatu asubuhi. Njoo useme kwa mdomo wako kwamba umedanganya. Usipokuja, namba moja inaondoka.

Mwenye cherehani


6 Mei

Mwanangu,

Wiki mbili zimepita. Ama barua imepotea, ama wewe umepotea. Barua ikipotea huandikwa nyingine, ndiyo hii.

Tisa Juni, saa tatu asubuhi.

Mama yako


18 Mei

Mama yangu,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Barua haikupotea. Nimekuwa nayo mfukoni mwa suruali ya kazi mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Kila siku nilikuwa naanza kukujibu, nikifika kwenye neno "nisamehe" naona halitoshi, naacha.

Ilikuwa hivi. Kijana mmoja wa kampuni ya mikopo aliniuliza una mali gani. Nikamwambia mashine za kunyolea. Akacheka, akasema hizo hata yeye anazo nyumbani. Akaanza kukunja karatasi. Mama, nilikuwa nimeshalipia pango, nimeshawaambia rafiki zangu wote. Nikasikia mdomo wangu unasema nina cherehani. Akasema leta namba kesho. Nikajiambia nitalipa yote, hakuna atakayejua, namba ni namba tu. Ulipotoka kununua uzi nikainua kichwa cha cherehani. Mkanda ulipotoka nilijaribu kuurudisha, nikashindwa, nikauacha. Ndiyo, nikala mchuzi. Niliusifu kwa sababu sikuweza kukutazama usoni na nilihitaji kusema kitu.

Nilikuambia uwape kabati na kioo kwa sababu nilijua wanachokitaka ni namba moja. Nilidhani wakishiba vile hawatakifikia hiki. Ni akili ya mwoga.

Kuja siwezi. Mwenzangu mmoja aliyewahi kufanya kazi kwa wakili anasema kudanganya kwenye fomu kama ile mtu hufungwa. Na msimamizi wa ghala amesema atakayekosa siku mbili asirudi. Nimeambatanisha karatasi, nimeandika kila kitu na kutia sahihi. Mpe hakimu asome.

Nisamehe. Nimeliandika.

Mwanao


27 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimeitikia. Salamu ya mtoto sijawahi kuiacha chini.

Karatasi yako nimempelekea karani. Ameisoma mara mbili, akavua miwani. Akasema imeandikwa vizuri, lakini hakimu hawezi kuiuliza karatasi swali, na wakili wa kampuni atasema mama ndiye aliyeiandika. Ni mdomo au si kitu. Kuhusu kufungwa, nilimuuliza. Akasema inawezekana. Sikufichi, maana sitaki uje kwa kudanganywa. Uongo umetosha katika ukoo huu.

Sitakubembeleza. Wahenga walisema mwana akinyea kiganja hakikatwi, na mimi kiganja changu ninacho, sijakikata. Lakini akishakua mkubwa namna hii, maji ya kukioshea alete yeye.

Uje usije, mimi nitakuwa pale saa tatu na daftari langu na stakabadhi zangu. Wakiichukua cherehani nitashona kwa mkono. Nilianza hivyo, na vidole vinakumbuka. Lakini sitaitoa kimya kimya kana kwamba ni halali yao. Watanisikia.

Nilipokuwa natafuta tarehe za Dalali nilikutana na kurasa zako. Darasa la kwanza, kifua ishirini na nne. Darasa la nne, ishirini na saba, nimeandika pembeni "hatulii". Kipimo cha mwisho ni cha wiki uliyoondoka. Nimekata shati jeupe kwa kipimo hicho. Sijui kama bado ni chako.

Mama yako


11 Juni

Mwanangu,

Nakusalimu, na nakupa habari, kwa sababu hukukaa kuzisikia. Mashahidi hungoja nje hadi waitwe, kwa hiyo hujui yaliyotokea ndani kabla yako. Nakusimulia, usije ukafa bila kujua.

Dalali alikuja amevaa suruali ile ile. Ilimkaa vizuri, nilijisikia fahari na hasira kwa pamoja. Akasoma ziara zake tano kwa sauti ya mtu anayesoma maombi. Hakimu akaniuliza nina nini cha kusema. Nikampa karani kile kipande cha tarehe ishirini Machi. Hakimu akakitazama, akamwonyesha Dalali.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Soma."

Akasoma kwa sauti ndogo: "Nimepokea nguo yangu, sina dai."

"Siku hiyo ulikwenda kudai au ulikwenda kuvaa?"

Ukumbi ukacheka. Dalali akasema yote mawili yanawezekana. Hakimu akafuta ziara ya tarehe ishirini na ya kumi na sita kwa mpigo. Nikatoa sahihi sita za wanawake wa harusi, ikafutwa ya tano. Akaulizwa gari lilikuwa na namba gani za usajili. Akasema halikuja, ila lilikuwa tayari kuja. Likafutwa. Ilipofika kwa mlinzi, sikungoja kuulizwa. Nikasema, "Mheshimiwa, mlinzi wa mali hizo ni mimi, usiku na mchana. Hizo elfu kumi na tano nadhani ni mshahara wangu." Hakimu akakohoa kikohozi cha uongo. Ikafutwa. Zimebaki ziara mbili, elfu ishirini. Hizo ni halali na utazilipa wewe.

Kisha ikaja namba moja, na hapo stakabadhi zangu hazikufaa kitu. Wakili wa kampuni alisoma fomu yako polepole kwa sauti nzuri. Nikasema cherehani ni yangu, mwenye sahihi ni mwanangu, amenikosea, nimemwita aje. Karani akatoka akaita jina lako. Akaita tena. Nilisema moyoni, haya, hakuja, nitashona kwa mkono. Nilikuwa nimeshaanza kukunja daftari. Akaita mara ya tatu, mlango ukafunguka.

Uliyoyasema unayajua. Lakini hujui yalivyosikika kutoka pale nilipokaa. "Cherehani si yangu, mheshimiwa. Haijawahi kuwa yangu. Mimi niliiba namba yake." Hakimu alipokuuliza kama unajua anaweza kukufunga kwa maneno hayo, ukasema unajua, ndiyo maana umekuja na begi. Mwanangu, nilijua hapo hapo kwamba sijazaa mwoga, wewe ulikuwa umejisingizia tu. Alipokuonya na kukuachia, akaziachia mali zangu zote na kukupangia kulipa elfu ishirini kila mwezi kwa jina lako mwenyewe, nililifungua tena daftari nikayaandika.

Nikaenda dirishani kuchukua hukumu. Nilipotoka, benchi tupu. Nilidhani umeenda kunywa maji. Nikangoja. Mzee wa getini akaniambia kijana mwenye begi alikimbilia basi la saa sita. Ulivuka ngazi za mahakama, ukashindwa kuvuka kizingiti changu! Hakimu na kifungo hukuviogopa, ukamwogopa mama yako na mchuzi wake.

Usiniletee habari ya msimamizi na siku mbili. Uliona haya. Na mimi nimekasirika. Nimeshinda kesi nikarudi nyumbani peke yangu, nikala peke yangu.

Basi na mimi ni mdai sasa, na hesabu yangu ni hii. Ada ya mkanda wa cherehani nilioununua bure: nimesamehe. Ada ya machozi ya mahakamani: nimesamehe, benchi lilikuwa la serikali. Ada ya fomu na ule mkia wa sahihi: nimesamehe tarehe tisa Juni, ulipofungua mlango. Ada ya ziara, mara moja: hiyo sisamehi, haina punguzo, na hailipwi kwa mkono wa dereva wa basi.

Namba moja nimeifuta kwa kitambaa kibichi, na mbili, na nne. Namba tatu iko kwenye kioo bado. Hiyo utaifuta mwenyewe, ukiwa umesimama mbele yake.

Jambo la mwisho. Ulipoingia nilikupima, siwezi kujizuia. Kiuno kimepungua inchi mbili, mabega yamepanuka, na la kulia limeshuka chini ya la kushoto kwa ajili ya maboksi hayo. Nimelifumua shati lote nianze upya. Lakini bega sikati kwa kukisia. Bega linataka mtu awepo.

Mama yako


Stakabadhi namba 1187
11 Julai

Nguo: shati moja, jeupe.
Vipimo: kifua 39, kiuno 30, bega la kulia limeshushwa nusu inchi.
Malipo: ziara moja.

Nimepokea nguo yangu, sina dai. Kioo nimekifuta.
Mwanao

Nimepokea malipo yangu, sina dai.
Mama